Fundi wa laptopu aliyedhani ni mabomba

Saa mbili asubuhi. Huko juu jua la Machi limeshaiwasha theluji, lakini huku chini ya jengo, kwenye karakana isiyo na dirisha hata moja, hakuna anayelijua. Tuulikki Raappana amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na bisibisi ameiuma kwa meno.

Mbele ya meza yake amesimama Temirlan, mwanafunzi wa uchumi kutoka Kazakhstan. Ameikumbatia laptopu yake kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa zahanati.

“Usiifungue, shangazi. Ukiifungua tu, waranti imekufa.”

“Waranti yako iko wapi?”

“Almaty.”

“Na wewe uko wapi?”

Temirlan anakuna kichwa. “Oulu.”

“Haya. Umeimwagia nini?”

“Mimi? Sijaimwagia kitu!”

Tuulikki anaitoa bisibisi mdomoni, anainamisha pua juu ya vitufe na kuvuta pumzi. “Maziwa ya mgando,” anasema. “Tena ya stroberi. Kaa hapo.”

Hiyo ndiyo kazi yake kwa mwaka wa kumi na moja sasa: fundi wa laptopu na intaneti katika jengo la wanafunzi wa kigeni lenye vyumba mia moja na arobaini. Analipwa euro 2,150 kwa mwezi kabla ya kodi. Ana miaka hamsini na minane. Kabla ya hapa alilehemu saketi za simu kiwandani kwa miaka kumi na tisa, hadi Jumanne moja walipoitwa watu mia tatu ukumbini na kuambiwa waache vitambulisho vyao mlangoni wakitoka.

Wafini wenzake humwita kwa jina tu, kama ilivyo desturi. Wanafunzi wameshindwa.

“Mtu wa umri wa mama yangu nimwite jina tupu, kama mtoto mwenzangu?” anasema Dilhani Wickramaratne, mwanafunzi wa uhandisi wa maji kutoka Kandy, Sri Lanka. “Ulimi unakataa.” Kwa hiyo kila mmoja kwa lugha yake humwita shangazi, na yeye huitika zote.

Kuanzia Agosti hadi Desemba mwaka jana aliletewa laptopu 212. Kati ya hizo, 131 zilikuwa bado ndani ya muda wa dhamana. Dhamana zilizofanya kazi hapa Oulu zilikuwa kumi na tisa.

“Laptopu imevuka mpaka, dhamana imebaki kwao,” anasema Tuulikki. “Mtoto anauliza, sasa nifanye nini? Namwambia ukweli. Nikiifungua, umepoteza dhamana. Usipoifungua, umepoteza muhula. Chagua.”

Nyuma ya kiti chake, juu ya ukuta, imebandikwa karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari. Ina mstari mmoja kwa mwandiko wake mwenyewe: *23 Desemba. Mabomba yanagonga tena. Waambiwe matengenezo.*

“Soma,” anamwambia mwandishi wa habari hii, bila kugeuka. “Ila usisome kwa sauti.”

Laptopu ya Dilhani ilizimika mwishoni mwa Oktoba, katikati ya sura ya tatu ya tasnifu yake. Kioo kilipepesa mara mbili, kikawa cheusi. Alishuka na soksi, bila viatu, analia.

Tuulikki aliipima bila kuifungua. Saketi kuu ilikuwa imekufa. Kuinunua Oulu ni euro mia tano na arobaini, na Dilhani alikuwa akila kwa euro mia moja na hamsini kwa mwezi. Lakini dhamana ya miaka mitatu aliyopewa dukani Kandy ilikuwa na miezi minane mbele yake.

“Nilimwambia, usiniachie niiguse. Irudishe kwenu, waitengeneze bure,” anakumbuka Tuulikki. “Mimi ndiye niliyemshauri. Hilo nalo ulikumbuke unapoandika.”

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akienda Colombo harusini aliibeba kwenye begi lake. Kwenye fomu ya kituo cha huduma palitakiwa anwani ya barua pepe ya fundi aliyeikagua mara ya kwanza. Tuulikki akaandika yake. Kisha akafungua kabati na kumpa Dilhani laptopu ya kuazima, nzee, nzito, yenye feni inayokoroma.

“Hii haina haraka,” alimwambia, “lakini haijawahi kufa.”

Desemba ilipofika, jengo lilianza kumwagika. Wenye nauli walirudi kwao, wasio na nauli walienda kwa marafiki Helsinki na Stockholm. Kufikia tarehe 22 waliobaki walikuwa wanne.

Tuulikki alilijua hilo bila kuuliza mtu. Kwenye karakana kuna kisanduku cha chuma kinachogawa intaneti ya jengo zima. Kina safu za taa ndogo za kijani, kila chumba taa yake. Chumba kikitumia intaneti, taa inapepesa. Kikiwa kitupu, imezimika.

“Sioni mtu anafanya nini, na wala sitaki kuona,” anaeleza. “Naona taa tu. Nne zinapepesa. Ya Dilhani ilikuwa na furaha kuliko zote, maana kila siku mchana alikuwa akiongea na mama yake kwa video.”

Jumatatu hiyo, tarehe 22, Dilhani alipata ujumbe kutoka kituo cha huduma. Laptopu imefunguliwa, saketi mpya ipo, ila hawawezi kuifunga bila namba ya dhamana iliyochapwa kwenye karatasi ya awali, ile inayokaa ndani ya boksi. Aitume kabla ya Jumatano jioni, la sivyo dai lake litafungwa.

Boksi lilikuwa ndani ya sanduku lake la safari. Sanduku lilikuwa stoo. Na stoo ya jengo lile ni handaki la kujikinga na mabomu, kama ilivyo kwa majengo mengi ya hapa: zege tupu, mlango wa chuma mzito kama wa benki, na ndani vizimba vya waya ambamo kila mkazi hutupa anachokihitaji mara moja kwa mwaka.

“Nilivaa kandambili,” anasimulia Dilhani. “Sikuchukua simu kwa sababu ilikuwa na chaji asilimia mbili. Nilijua ni dakika tano.”

Mlango wa handaki huwa wazi mchana, umeshikwa kwa ndoano. Dilhani aliingia hadi mwisho, kwenye kizimba chake, akafungua sanduku, akachuchumaa na kuanza kupekua karatasi. Taa za humo huwaka mtu anaposogea. Akitulia dakika mbili, zinazimika. Zilipozimika alikuwa ameshaikamata karatasi yenyewe.

“Nilitaka kuinua mkono ili ziwake. Ndipo nikasikia mlango.”

Aliyeufunga ni Veijo Kinnunen, mtu wa matengenezo, mwenye miaka sitini na mmoja. Alikuwa ametoka kusukuma theluji kwa mashine, vikinga sauti vikiwa bado masikioni, na alikuwa akipita kufunga milango kwa ajili ya sikukuu.

Mwandishi alipomuuliza kama aliita kabla ya kufunga, Veijo aliangalia mikono yake.

“Sikuita,” alisema. “Niliona giza, nikafunga. Nataka uandike hivyohivyo.”

Mlango ule hufunguka kwa ndani. Una mkono wa chuma wa kuzungusha. Mkono huo ulivunjika Juni, ukaandikwa kwenye daftari la matengenezo, na tangu Juni ulikuwa unasubiri kipuri.

Ilikuwa saa tisa mchana.

Kwa saa za kwanza Dilhani alipiga kelele. Humo mlikuwa na nyuzi joto kumi na moja, na yeye alikuwa na suruali ya pamba na sweta. Baadaye alirudi kwenye sanduku, akajifunga sari mbili, ya harusi ya dada yake na ile ambayo mama yake alimwekea “kwa siku ya kuhitimu.” Chini ya sari akakuta kifurushi cha sukari guru alichokisahau tangu Agosti.

Maji hayakuwepo. Kwa mwavuli alivuta makopo mawili kutoka kizimba cha jirani, kupitia kwenye matundu ya waya. Yalikuwa ya bia.

“Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu,” anasema, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale anacheka. “Chungu! Watu wanailipia? Tafadhali, mama asijue. Baba mwambie tu.”

Usingizi haukuja. Kila akitulia, giza. Kila akitetemeka, taa zinawaka.

Asubuhi ya Jumanne alisikia kitu. Kwenye kona ya handaki lilipita bomba la maji ya moto, likitokeza upande wa pili wa ukuta. Aliweka sikio. Lilikuwa linaleta muziki.

Lilikuwa likileta redio ya Tuulikki.

“Nilimsikia akiimba,” anasema Dilhani. “Wimbo wa Krismasi, kwa Kifini. Nilimjua, maana huimba vibaya sana. Nikasema, nimepona. Shangazi yupo.”

Alichukua kufuli la sanduku akaanza kugonga bomba. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Upande wa pili Tuulikki alikuwa peke yake, akisafisha feni za laptopu tano kabla ya likizo. Kahawa ilikuwa mezani. Alisikia mlio wa chuma. Mabomba ya jengo lile hulia kila baridi inapokaza, na siku ile nje palikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Alivuta daftari, akaandika ule mstari wake.

Halafu anafika mahali ambapo kila anaposimulia mkono wake hupanda wenyewe na kufunika mdomo.

“Kelele zilinikera. Nikaongeza sauti ya redio.”

Anaushusha mkono.

“Unaelewa? Aligonga, mimi nikaongeza redio. Akagonga zaidi, nikaongeza zaidi. Mita kumi na nane. Nimezipima kwa futikamba, kutoka kwenye kiti hiki hadi pale alipokuwa ameketi. Nilikuwa naimba.”

Jioni kabla ya kufunga alitupia jicho kisanduku chake. Taa ya chumba cha Dilhani ilikuwa inawaka lakini haipepesi: kifaa kimewashwa, hakitumiki. Alisimama kuitazama. “Nikasema, leo amelala. Amechoka, mtoto. Nikazima taa za karakana, nikaenda zangu.”

Ule muziki ulipokatika, anasema Dilhani, ndipo alipoanza kuogopa kweli.

Jumatano ilikuwa mkesha wa Krismasi. Tuulikki alikuwa nyumbani kwake na mumewe, Aarne, mbele ya sahani za uji wa wali wenye lozi moja ya bahati iliyofichwa ndani, simu ilipolia kwa barua pepe. Ilitoka Kandy.

Bado anayo. Alimruhusu mwandishi aisome.

*Bibi Tuulikki, nisamehe kwa kukusumbua siku ya sikukuu yenu. Mimi ni Sarath, baba wa Dilhani, karani mstaafu wa reli. Anwani yako nimeiona kwenye fomu ya dhamana. Binti yangu hajapiga simu tangu juzi, na kituo kinasubiri namba kutoka kwake. Si kawaida yake. Najua wewe ni fundi tu, si mlinzi wake. Lakini huko sina mtu mwingine wa kumwandikia.*

“Aarne aliniuliza, vipi, umepata lozi kwenye uji?” anasema Tuulikki. “Nikasema, taa. Akasema, taa gani? Nilikuwa nimeshashika funguo za gari.”

Njiani alimpigia Veijo, ambaye ndiye aliyekuwa zamu ya sikukuu na mwenye ufunguo mkuu.

“Veijo, njoo jengoni. Sasa hivi.”

“Tuulikki, leo Krismasi. Paja la nguruwe liko jikoni tangu usiku.”

“Lizimie moto.”

“Kuna nini?”

“Kuna msichana hapokei simu.”

“Wasichana hawapokei simu, ndiyo kazi yao. Halafu kanuni unaijua. Chumba cha mkazi hakifunguliwi bila taarifa ya saa ishirini na nne.”

“Basi mimi nafungua kwa nyundo. Kitasa utaandikia wewe ripoti.”

Veijo alifika kwa dakika kumi na mbili, shati la sikukuu likichungulia chini ya koti la kazi.

Waligonga. Waliita. Wakafungua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Simu ilikuwa juu ya mto, imechomekwa chaji, na kioo kimejaa majina: Mama, Mama, Baba, Mama. Koti la baridi lilikuwa kwenye msumari. Buti zilikuwa mlangoni, zimepangwa sambamba.

“Nilihesabu vitu,” anasema Tuulikki. “Koti lipo. Buti zipo. Simu ipo. Mtu hayupo. Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri! Atatoka vipi bila buti?”

“Yuko kwa jirani,” alisema Veijo.

“Jirani yupi? Ghorofa nzima imehama.”

“Basi... dirisha?”

Wote wawili walilikimbilia dirisha. Lilikuwa limefungwa, na theluji ya chini haikuwa na alama hata ya ndege.

Tuulikki akarudi mlangoni, akainama. Kandambili hazikuwepo. Dilhani ana kandambili za bluu, jengo zima linazijua kwa sababu hupiga kelele ngazini. Basi hakutoka. Yuko ndani ya jengo.

Akaigeukia laptopu ya kuazima iliyokuwa juu ya meza. Aligusa kitufe. Feni ikakoroma na kioo kikaamka, na ujumbe wa mwisho ukawa wazi mbele yao: ule wa kituo cha huduma.

“Karatasi iliyo ndani ya boksi,” alisoma Tuulikki. “Veijo, wageni huweka wapi maboksi yao?”

Tuulikki aligeuka kumtazama akakuta uso wake umekuwa mweupe kama ukuta.

“Handaki nililifunga Jumatatu,” alisema.

“Mlango unafunguka kwa ndani.”

“Mkono umevunjika.”

Kisha Tuulikki akasema neno moja.

“Mabomba.”

Ngazi za ghorofa nne alizishuka hajui alizishukaje. Kufika chini alipita mlango wa karakana yake mwenyewe bila kuutazama. Veijo alijaribu ufunguo, ukakataa kuingia, Tuulikki akamnyang'anya.

Mlango ulipofunguka, ndani palikuwa giza.

“Nikajua amekufa,” anasema Tuulikki. “Zile taa zinawaka mtu akisogea. Palikuwa giza totoro.”

Aliingia, taa zikawaka kwa hatua zake. Mwisho kabisa, kwenye kona ya bomba, palikuwa na rundo la nguo za dhahabu na zambarau. Alipiga magoti akalifunua.

Dilhani alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kandambili alikuwa amezivaa mikononi, kama glovu.

“Shangazi,” alisema kwa sauti ya mkwaruzo. “Unaimba vibaya sana.”

Ilikuwa saa tano asubuhi. Alikuwa ndani kwa saa arobaini na nne.

Tuulikki alivua sweta la Krismasi lililokuwa mwilini mwake mwenyewe akamvisha, akamkumbatia pale chini hadi gari la wagonjwa lilipofika. Veijo, mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumsikia hata akilalamikia jino, alikaa kwenye ngazi na kulia kwa sauti.

Hospitali ilikuta joto la mwili wa Dilhani limeshuka hadi thelathini na tatu na nusu, na figo zimeanza kulegea kwa ukosefu wa maji. Daktari alimwambia Tuulikki kwamba siku moja zaidi wangekuwa na mazungumzo mengine. Na siku inayofuata ilikuwa Krismasi, na inayofuata sikukuu tena. Jengoni asingefika mtu hadi Jumamosi.

Kwenye machela, muuguzi alijaribu kumvua Dilhani nguo za ndani zenye unyevu na kukuta kiganja chake kimefumbwa. Hakikufunguka. Ilibidi Tuulikki akibembeleze kidole kimoja kimoja.

Ndani mlikuwa na karatasi ya dhamana.

“Saa arobaini na nne, hajaiachia,” anasema Tuulikki. “Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikatoka korido. Halafu nikakumbuka, leo ndiyo Jumatano. Nikaipiga picha ile namba nikaituma Kandy. Halafu nikampigia baba yake.”

Alimwambiaje?

“Nilimwambia, yupo hai. Nikasikia anamwambia mtu nyuma yake, na yule mtu akapiga ukelele. Ni mama. Halafu akaniambia, Mungu akubariki wewe uliyemwona. Nikamwambia, bwana Sarath, subiri kwanza. Mimi ndiye niliyeongeza redio. Nikamwambia yote.”

Na baba akasema nini?

“Akasema, lakini barua yangu uliisoma.”

Dilhani alitoka hospitali tarehe 27. Siku hiyohiyo wakazi wote walipata barua pepe kutoka ofisi inayoendesha jengo. Ilikuwa na sentensi tatu. Iliwakumbusha wakazi kutokaa stoo kwa muda mrefu na kuhakikisha wana simu wanaposhuka chini.

Tuulikki aliisoma mara mbili kwa sababu hakuamini macho yake. Kisha akaenda ofisini na daftari la matengenezo, akaliweka juu ya meza ya meneja, akafungua ukurasa wa Juni.

“Nilimwambia, mimi kosa langu nimelibandika ukutani. La kwenu mnalibandika wapi?”

Mkono mpya wa mlango uliwekwa siku iliyofuata. Veijo aliifanya kazi hiyo mwenyewe, hakutaka msaada. Ilimchukua dakika ishirini. Sasa kila anapofunga mlango wowote wa jengo lile, hata kabati la mifagio, huita kwanza kwa sauti kubwa, kwa lugha mbili. Wanafunzi walimtania wiki moja, wakaacha.

Ofisi ilimpa Tuulikki cheti na chupa ya mvinyo kwa “kuwa macho.” Cheti alikirudisha. Mvinyo ameuweka kabatini nyuma ya chaja, haujafunguliwa.

Laptopu ya Dilhani ilirudi Februari, ndani ya begi la mwanafunzi mwingine, imepona kabisa na hakulipa hata senti. Sura ya tatu imekwisha. Ya nne anaandikia kwenye karakana, kwenye kiti cha pembeni, kwa sababu bado hawezi kukaa chumba kimoja na taa inayojizima.

“Simlaumu,” anasema, akimwonyesha Tuulikki kwa kidevu. “Nimemwambia mara mia. Hasikii.”

“Nasikia,” anajibu Tuulikki, macho yakiwa kwenye maziwa ya stroberi ndani ya laptopu ya Temirlan. “Endelea kuandika.”

Wakati wa likizo ya wiki iliyopita alianza jambo jipya. Jumapili kabla wanafunzi hawajaondoka, alibandika kwenye kila mlango karatasi yenye mstari mmoja: *Anayebaki, aandike jina lake kwa Tuulikki. Kahawa ni saa sita mchana kila siku. Asiyekuja anafuatwa.*

Waliandika kumi na mmoja. Jumatatu saa sita walikuja kumi.

Tuulikki alisubiri dakika kumi. Kisha akasimama, akachukua ufunguo ambao sasa ofisi imemkabidhi kwa maandishi, na wote kumi wakamfuata bila kuambiwa, vikombe mkononi.

Ghorofa ya tatu waligonga. Kimya. Waligonga tena. Dilhani, wanasema, alikuwa ameushika mkono wa koti la Tuulikki.

Mlango ukafunguliwa. Alisimama Besnik, mwanafunzi kutoka Kosovo, na kaptura ya kulalia, nywele wima na vipokea sauti vya masikioni shingoni. Aliwatazama watu kumi na mmoja kwenye korido yake, mmoja baada ya mwingine.

“Kuna moto?” aliuliza.

“Hakuna,” alisema Tuulikki. “Kahawa inapoa.”

“Shangazi! Nimelala saa kumi na moja alfajiri! Nina haki ya kulala ama sina?”

“Unayo. Kunywa kwanza, kisha ukalale.”

Alishuka na kaptura ile ile, akilalamika hatua kwa hatua, akala maandazi manne.

Kwa Pasaka majina kwenye orodha yamefika ishirini na sita, na Tuulikki ameagiza birika kubwa. Jumanne ijayo ana mkutano na wasimamizi wa majengo mengine sita ya wanafunzi mjini, anataka nao waanze. Anataka pia kila mgeni anayefika Agosti apige picha karatasi ya dhamana yake na kuiacha karakana kabla hajapeleka boksi stoo. Anastaafu baada ya miaka miwili, na angependa kufikia hapo mambo haya yawe yanakwenda bila yeye.

Kazi ya kuwafuata watakaochelewa ameshampa mtu.

“Nimempa Besnik,” anasema, na sasa anatabasamu. “Alikasirika sana siku ile. Namjua, hataacha mlango hata mmoja.”